Fundi wa matangi ya samaki aliyenikataza kumwaga dawa, Arusha: nyota 4

Mimi niko Sakina, nina tangi la lita 60, ndani kuna samaki wa mapambo, beta mmoja mwekundu tunamwita Bosi na guppy sita. Sio mtaalamu wala nini, tangi lilinunuliwa kwa ajili ya watoto, watoto wakachoka baada ya wiki mbili likabaki la kwangu, mnajua inavyokuwaga.

Sasa mwezi wa saba, baridi yetu ile mnayoijua, Bosi akaanza kujibanza nyuma ya filta (kile kichujio cha maji), hataki kula, na mkia wake uliokuwa kama gauni la sendofu ukaanza kuchanika chanika. Kijana wangu wa darasa la pili ndo alisema "mama, Bosi kavaa matambara".

Nikakimbilia duka moja mjini (jina naliacha, sitaki ugomvi na mtu), nikamwonyesha chalii wa pale picha kwenye simu. Hakuuliza swali hata moja aisee, akavuta kichupa cha dawa ya bluu, "mwaga hii dada, siku tatu kapona". Nikalipa, nikamwaga. Maji yakawa kama ya kufulia mashati ya shule, ile silikoni ya kwenye kona za tangi imebaki na rangi mpaka leo, na siku ya nne guppy mmoja akafa na mkia wa Bosi ndo kwanza unazidi kwisha.

Hapo ndo dada mmoja wa kwaya akanipa namba ya huyu fundi, yeye hana duka, anazunguka anahudumia matangi ya maofisini na majumbani. Kuja kuangalia ni elfu 20. Nikaona ghali kwa samaki wa elfu 15, lakini nikasema liwalo na liwe.

Akaja na toyo, ndoo kaipakata. Hata maji ya kunywa hajapokea kashauliza, maji unabadilisha lini na filta unasafishaje? Nikajibu kwa kujisifu kabisa, kila Jumamosi natoa sponji nasugua chini ya bomba mpaka inang'aa. Akacheka. "Dada, umekuwa unafukuza wafanyakazi kila Jumamosi." Kumbe kwenye ule uchafu wa sponji kuna bakteria wazuri wanaokula amonia, sumu inayotoka kwenye mavi ya samaki na chakula kilichobaki, klorini ya bomba inawaua, halafu ile dawa ya bluu ikaja kumalizia waliobaki. Sponji unaikamua kwenye ndoo yenye maji uliyoyatoa humo humo tangini, basi, hata ikibaki na rangi ya kahawa iache.

Akachota maji kwenye kichupa chake cha kupimia, akadondoshea matone ya kupima hiyo amonia, tukasubiri. Alisema yakibaki njano uko salama. Yakaenda kijani, sio kijani cha kubahatisha, kijani cha parachichi. Kipimajoto kikasoma nyuzi 19, wakati beta anataka 24 mpaka 28.

Halafu akawasha tochi ya simu akaniita nisogee karibu na kioo, na hapa ndo nilijua hela yangu imeenda kihalali. Mimi nilikuwa nahisi guppy wanamng'ata. Akasema akiumwa na mwenzake utaona pengo, kipande kimetoka na ukingo uko safi. Hapa ukingo mzima ulikuwa na mstari mweupe kama maziwa yaliyoganda, kuna uzi mwekundu mwekundu kwa ndani, na unakula kuelekea mwilini. Ingekuwa ukungu ungeona manyoya kama pamba, huku ni kuoza kwa mapezi kunakoletwa na bakteria wabaya. Na ukichelewa mpaka kuoza kukafika kwenye shina la pezi, hilo pezi halirudi tena.

Nikamwambia nina antibayotiki ya tetrasaiklini kabatini (nani hana?), niifungue nimwage? Akakataa kata kata, utamaliza bakteria wazuri na wale wabaya utawafundisha usugu. Maji safi na joto kwanza, wiki ikipita bado kunaoza ndo twende kwa daktari wa mifugo tuulize antibayotiki yenye kipimo chake.

Tulichofanya: Bosi kahamia kwenye kontena la plastiki la lita 5 lililoning'inizwa ndani ya tangi lile lile ili hita moja ipashe kote, chumvi ya mawe kijiko cha chai ambacho hakijajaa, ikayeyushwa kwanza pembeni, maji yake yanabadilishwa yote kila siku na chumvi yake upya kwa siku 7. Na kwenye tangi, siku moja ndani siku moja nje nilikuwa natoa ndoo ya lita 20 narudisha maji yaliyokaa wazi siku nzima, mchana na usiku, mpaka klorini iishe, na siyatii baridi, nayapasha kidogo yalingane. Chakula nusu. Nimechoka hiyo wiki sio utani.

Sasa lawama. Aliniambia saa nne akaja saa saba, simu hapokei. Risiti hana. Na hita aliyoniuzia inasema 26 kipimajoto kinasoma 29, nikampigia akasema "shusha mpaka 23 dada itakuwa sawa", ni kweli imekuwa sawa lakini mtu hanunui hita mpya ili aanze kuidanganya. Nyota moja imeondoka hapo. Mkimtaka nicheki inbox, na mpigieni asubuhi, mchana hapatikani.

Kuoza kulisimama kama siku ya tano, ule mstari mweupe ukapotea. Sasa hivi ni wiki ya sita, mkia umerudi kama robo tatu, ila kile kipande kipya hakina rangi, kinaonyesha kama nailoni, unaona guppy wakipita nyuma yake.