Kuchukuliwa Alama za Vidole kwa Kadi ya FBI Mjini Tabora: Tathmini ya Huduma

Mtanzania aliyewahi kuishi Marekani kwa masomo au kazi, kisha akarejea nyumbani, huenda siku moja akatakiwa na mwajiri au ubalozi wa nchi nyingine athibitishe kwamba hana rekodi ya jinai huko alikotoka. Uthibitisho huo hutolewa na FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu ya Marekani, nao hutafutwa kwa alama za vidole vyote kumi. Mimi nilisoma Marekani, sasa ni mwalimu hapa Tabora, na nimeitafuta huduma hii mjini kwetu badala ya kufunga safari ya Dar es Salaam. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa Tabora, Urambo, Nzega na hata Kigoma, kwa sababu huduma ipo na inaweza kuwa nzuri sana, ila ubora wake unategemea mkono wa mtu anayekishika kidole chako kuliko kitu kingine chochote.

Kadi yenyewe huitwa FD-258. Ndiyo kadi ile ile anayoijaza Mmarekani anayeomba kibali cha kubeba bastola iliyofichwa mwilini katika jimbo ambalo yeye si mkazi wake. Utah inajulikana sana kwa hilo: hutoa kibali hicho kwa wasio wakazi. Huko Marekani waombaji wengi huenda kwa sherifu wa kaunti, yaani mkuu wa polisi wa eneo, au kwenye ofisi binafsi, na mahali pengi siku hizi pana mashine inayosoma vidole juu ya kioo bila wino, ambayo humwonyesha mhudumu papo hapo kama alama imetoka vibaya. Sisi tulio mbali tunategemea wino na karatasi. Kadi ikiwa mbovu, utajua baada ya bahasha kuvuka bahari.

Kadi ina visanduku 14. Kumi ni vya kidole kimoja kimoja, ambacho hubingirishwa kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi mwingine. Vinne vya chini ni vya kugandamiza tu: vidole vinne vya kila mkono kwa pamoja, na vidole gumba viwili katikati, ili ithibitike kwamba mpangilio wa juu haukukosewa. Kubingirisha kuna sababu yake. Mtaalamu huangalia kama mistari ya kidole inafanya kitanzi, duara au tao, na hutafuta kitovu cha mchoro pamoja na zile pembetatu ndogo ambapo mistari inagawanyika, ambazo mara nyingi zimekaa pembeni kabisa. Kidole kilichobonyezwa katikati tu huziacha nje sehemu hizo. Mfumo wa kupanga alama kwa michoro hii ulikamilishwa India wakati wa utawala wa Waingereza, ambako ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa Kolkata mwaka 1897, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ingawa mfumo ulipewa jina la mkubwa wao, Edward Henry. Tangu wakati huo sharti la msingi halijabadilika: mchoro wote uonekane.

Nilianzia kwenye duka moja la steshenari lenye bango la huduma hii. Kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu, lakini alitumia kidau cha wino wa muhuri, akakishika kidole changu na kukibonyeza kama anavyobonyezwa mkulima kwenye daftari la malipo la chama cha msingi. Wino wa muhuri una majimaji mengi. Huingia kwenye mifereji iliyo kati ya mistari, na kinachobaki ni doa. Nilipomwonyesha maelekezo yaliyo kwenye kadi, alinijibu, "Mwalimu, alama ni alama tu, wataisoma." Hawataisoma. Kutoza fedha kwa kazi ambayo aliyeifanya hajui inatumikaje ni kumdhulumu mteja, hata kama mhudumu hana nia mbaya, na duka hilo simshauri mtu yeyote kulitumia kwa jambo hili.

Huduma niliyoipata baadaye kwa askari wa upelelezi aliyefunzwa kazi ya alama za vidole ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Aliweka tone dogo la wino mweusi mzito kwenye kipande cha kioo, akautandaza kwa rola ya mpira, akarudia na kurudia hadi ukabaki utando mwembamba, kisha akajaribu kwanza kwa kidole kimoja kwenye karatasi ya pembeni na kukiangalia kwa lenzi. Aliniambia nisimame, niache nafasi kidogo kati yangu na meza. "Mwalimu, legeza mkono. Tazama dirishani, usinisaidie." Maneno hayo ndiyo siri ya kazi yote, kwa maana anayehudumiwa akijaribu kukizungusha kidole mwenyewe, kidole huteleza na mistari hujirudia. Vidole gumba alivibingirisha kuelekea mwilini mwangu na vile vingine kuelekea nje, hivyo kila mara mkono ulianza ukiwa umejipinda na kumalizia ukiwa umelegea. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto kilipotoka na ukungu, hakugandamiza mara ya pili juu ya alama ile ile. Aliiweka kadi pembeni, akachukua nyingine, akaanza upya bila kununa.

Jambo lililonifanya niiheshimu zaidi kazi yake nililiona kwa mzee aliyekuwa mbele yangu. Alikuwa mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, amekuja kwa ajili ya makaratasi yake ya kumiliki bunduki, mambo ambayo kwetu yanasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Yeyote aliyewahi kuchuma tumbaku anaujua utomvu wake: hunata vidoleni, hukauka ukawa mweusi, na sabuni ya kawaida haiutoi kirahisi. Ongeza miaka ya kushika jembe, na mistari ya kidole inakuwa imelika kiasi cha kuonekana kama ngozi tupu. Askari alimwamkia, akampeleka bombani, akamsugua vidole kwa sabuni, akavikausha na kuvifuta kwa spiriti, kisha akajaribu kwa wino mchache na mkono mwepesi sana, kwa sababu kidole kilicholika ukikikandamiza mifereji yote hujaa. Baadhi ya vidole vilitoka, vingine havikutoka. Hapo angeweza kujaza kadi ili mradi imejaa. Badala yake alimwambia, "Mzee wangu, usiguse tumbaku siku chache hizi, kila usiku paka mafuta ya mgando, kisha urudi kwangu, usipange foleni." Mzee alikuwa na binti anayeishi mjini, akakubali kubaki. Mkoa huu umejaa watu wenye vidole vya namna hiyo, na ofisi isiyojua kuvihudumia haiwezi kusema inawahudumia watu wa Tabora.

Upungufu upo. Bei ya huduma haikuwa imebandikwa mahali popote, ikabidi niulize, na mteja mwenye haya hataulizia. Baada ya kazi nilipewa gazeti kuukuu la kufutia wino, wakati kitambaa na sabuni ya unga vingetosha. Kadi pia hazipo, kila mtu aje na zake. Kwa anayeomba rekodi yake mwenyewe FBI, fomu FD-1164 inakubalika badala ya FD-258, hata ikiwa imechapwa kwenye karatasi nyeupe ya kawaida, hivyo hakuna haja ya kuagiza kadi ngumu kutoka nje.

Maombi yanaanzia kwenye tovuti ya FBI, ambako ada ni dola 18, kisha kadi hutumwa Clarksburg, West Virginia, na majibu huja kwa barua pepe. Omba uchukuliwe kadi zaidi ya moja na uzitume zote pamoja, kama FBI wenyewe wanavyoshauri, ili seti moja ikiwa hafifu nyingine iokoe safari. Usiweke sahihi yako hadi uwe mbele ya anayekuchukua alama, hakikisha naye ameweka sahihi na tarehe, na kadi zisikunjwe: tafuta bahasha kubwa na uweke kipande cha boksi ndani. Anayekwenda kwa askari yule aende asubuhi, kabla joto la mchana halijaanza kutoa jasho viganjani.