Tulipeleka gredi ya 8 Olkaria kuona stima ya mvuke, maoni yangu kwa walimu wenzangu

Nafundisha sayansi hapa Nairobi na muhula uliopita tulipeleka watoto 44 wa gredi ya 8 Olkaria, mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini kule Naivasha, na kwa vile walimu wengi wananiuliza kama tripu ya hivyo ni haki kuitoza wazazi wacha niseme nilichoona. Olkaria yenyewe naipa nyota tano. Ejenti aliyetupeleka, mbili.

Ukishaingia mbuga ya Hell's Gate ukielekea upande wa mitambo unaanza kuona mabomba makubwa yanang'aa, yanapanda na kushuka vilima, na kuna mahali bomba limeinuliwa juu kama fremu ya mlango ili twiga wapite chini yake, basi zima lilipiga kelele. Injinia aliyetupokea akawaambia ile mikunjo ina kazi nyingine tena, chuma kikipata joto kinarefuka, sasa bomba likinyooshwa moja kwa moja litajisukuma mpaka liharibike. Hiyo mada ya chuma kutanuka nimeifundisha miaka mingi na ile tufe ya chuma na pete yake na sijawahi ona watoto wakiielewa haraka vile.

Harufu muwaandae mapema, ni ya mayai yaliyooza, wasichana wangu walitembea nusu saa wameziba pua na sweta.

Sisi tulionyeshwa Olkaria II, inatoa megawati 105. Watoto hawakushtuka mpaka nikawapigia hesabu, pasi moja ya nguo ya kilowati 1, sasa chukua pasi 105,000 uziwashe zote kwa mpigo. Hapo ndio kukawa kimya. Halafu kijana mmoja, huyu darasani huwa haongei kabisa, akauliza, "Sasa moto uko wapi?" Alikuwa amengoja kuona moto. Injinia akachukua kijiti akachuchumaa akachora sufuria kwenye vumbi, akamwambia moto ni mawe yenyewe huko chini, maji ya mvua yamezama miaka na miaka yakachemka, sisi tumetoboa tu kifuniko, kisima kinaenda kilomita 2 hivi, vingine 3. Kinachopanda ni mvuke umechanganyika na maji moto, vinatenganishwa kwanza, mvuke unaenda kuzungusha turbini, yaani gurudumu la mapanga linaloendesha jenereta, na maji yanarudishwa ardhini. Ndani ya jumba la turbini huwezi sikizana, ila sakafu inatetemeka mpaka unaisikia kwenye soli ya kiatu, kuna mtoto alivua kiatu kimoja ili asikie vizuri na ikabidi nimvalishe haraka kwa sababu ya usalama.

Sasa huyo ejenti. Tulikubaliana basi lifike saa kumi na moja na nusu asubuhi, likafika saa mbili kasoro, watoto wamekaa kwa baridi kwenye uwanja na wengine hawakuwa wamekunywa chai. Na yeye bila kutuuliza alikuwa ameongeza boti ya ziwani kwenye ratiba, kwa hivyo mitambo ambayo ndiyo ilitutoa nyumbani tukaipa dakika 50 peke yake, dereva anapiga honi huku injinia bado anajibu maswali. Hiyo iliniuma sana. Wazazi wengine walilipa hiyo pesa kidogo kidogo tangu muhula uanze!

Kama mnaenda, andikeni barua ya kuomba ruhusa mapema, muitengee Olkaria siku nzima, watoto wavae viatu vilivyofunikwa, na maswali yaandikwe darasani kabla ya safari maana pale kelele ni nyingi. Boti ingojee siku yake.

Mwaka ujao hawa hawa tunawapeleka vilima vya Ngong wakaone umeme wa upepo, mitambo 30, megawati 25.5. Yule kijana wa moto ameshaniuliza upepo ukitulia stima inatoka wapi. Na basi tunakodi wenyewe.