Ampu ya tyubu: usiangalie sauti tu, omba uone ndani

Natumia ampu za tyubu za gitaa (zile zinazokuza sauti kwa taa za kioo badala ya transista) muda mrefu sasa, hii niliyonayo ni ya wati 15, ina tyubu za EL84 mbili upande wa pawa unaosukuma spika, na 12AX7 mbele inapoingia gitaa, na sauti yake naipenda kwakweli, ukipiga taratibu iko safi, ukikaza mkono inaanza kukwaruza vizuri yenyewe bila pedali yoyote. Ila sauti kila mtu anaiongelea, mi nataka niongelee ndani, cha kuangalia kabla hujanunua.

Niliyokuwa nayo kabla ya hii ilikuwa tamu pia. Shida ikaanzia kwenye jeki ya gitaa, ukigusa tu kebo inapiga kelele, baadae tyubu moja ya pawa ikawa inakata na kurudi. Fundi alipoifungua nikaona mwenyewe, soketi za tyubu zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi ya saketi, jeki nazo hivohivo, hakuna kilichofungwa kwenye chesisi, yaani fremu ya chuma. Na kwenye hizi ampu ambazo spika iko humohumo mara nyingi tyubu zinaning'inia kichwa chini, kwahiyo joto lote linapanda kwenye soketi, miguu inatanuka na kusinyaa kila ukiwasha na kuzima, mwisho lehemu inapasuka kaduara kembamba kuzunguka mguu, bila kumulika na tochi hukaoni. Jeki ndo usiseme, kila ukichomeka kebo nguvu inaishia kwenye lehemu.

Sasa hii ya sasa nayo ina bodi, na hapo ndo naomba mnielewe. Watu wanaamini iliyoungwa waya kwa mkono ndo ampu na ya bodi ni takataka, sio kweli. Bodi ikiwa nene, soketi zimefungwa kwa skrubu kwenye chesisi na waya fupi ndo zinaenda kwenye bodi, jeki zimekazwa kwa nati, hiyo inadumu. Na ya mkono iliyoungwa hovyo, waya za hita (zinazopasha tyubu moto) za volti 6.3 hazijasokotwa na zimepita jirani na waya wa gitaa, itakuvumia mpaka uichukie. Faida ya kweli ya mkono ni matengenezo, unabadili rezista moja bila kung'oa bodi nzima.

Transfoma ya spika pia iangalie, ikiwa kadogo kulinganisha na wati zilizoandikwa besi inalegea ukifungua sauti, hii yangu ni nzito mpaka kuibeba ni kazi lakini besi inashika. Bayasi yake, yaani mpangilio wa mkondo unaopita kwenye tyubu za pawa, inajirekebisha yenyewe kwahiyo tyubu za pawa nabadili mwenyewe, zile zenye bayasi ya kuseti unahitaji fundi.

Kuona ndani muombe muuzaji picha, usifungue mwenyewe kama hujui, kapasita zinabaki na mamia ya volti hata ukiwa umechomoa umeme, hiyo inaua. Na usiwashe bila spika, transfoma inaweza kuungua, hakikisha na ohm za spika na za ampu zinalingana.

Malalamiko yangu ni matundu ya hewa, ni membamba mno, juu panachemka sana ukipiga muda mrefu, nimeanza kuiweka mbali kidogo na ukuta. Zaidi ya hapo nimebadili tyubu za pawa tu, soketi bado zinabana vizuri.