Maoni kuhusu onyesho la hisani la kwaya ya wageni jijini Dar es Salaam

Kwaya hii inaundwa na watu wa mataifa mbalimbali wanaoishi Ulaya, ambao hakuna hata mmoja anayelipwa kwa kuimba, nao walikuja kutuimbia sehemu za Messiah ya Handel katika kanisa moja la katikati ya jiji ili kuchangia wodi ya watoto ya hospitali moja ya mkoani. Kiingilio kilikuwa shilingi 20,000.

Nianze na fedha, maana onyesho la hisani hupimwa hapo kabla ya kupimwa kwenye sauti. Mlangoni palibandikwa mchanganuo wa mapato na matumizi: waimbaji walijilipia wenyewe nauli, viza na malazi, na kilichokatwa kwenye viingilio ni gharama ya kukodi kinanda na kuchapa programu, basi. Aliyetoa zaidi ya kiingilio aliandikiwa risiti. Sisi tuliozoea kutangaziwa kwamba “mapato yote yatawaendea wahitaji”, kisha tusisikie lolote tena, tunajua uzito wa karatasi kama ile.

Kwa upande wa muziki, sifa zangu zina mipaka. Soprano walikuwa wazuri kuliko nilivyotarajia, hasa katika kiitikio kilichotoka kwenye Isaya 9:6, ambapo silabi moja huvutwa kwa noti nyingi za haraka zinazowaacha wengi wakihema. Wao walifika mwisho wakiwa pamoja. Waimbaji wa teno, yaani sauti ya tatu, kwa bahati mbaya walikuwa wanne tu, na kila besi walipoongeza nguvu hawakusikika kabisa. Upungufu huo ni ugonjwa wa kwaya nyingi za hiari, lakini dawa yake ilikuwa imekaa kwenye mabenchi ya nyuma. Ilipofika Haleluya watu walisimama kama ilivyo desturi, na wanakwaya wa kanisa wenyeji, ambao wimbo huo waliufundishwa kwa nota za sol-fa na wanauimba kwa Kiswahili bila kushika karatasi, wakaijaza sauti ya tatu mpaka mwalimu wa wageni akageuka na kuanza kuwaongoza na wao.

Kwa nini basi hawakupangwa mbele tangu mwanzo? Handel mwenyewe, alipotoka London kwenda Dublin na kuitoa kazi hii kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 1742, waimbaji wa viitikio aliwapata pale pale, katika kwaya za makanisa makuu mawili ya mji huo, St Patrick’s na Christ Church, ingawa Jonathan Swift, mkuu wa St Patrick’s, awali alikataa kuwaruhusu. Onyesho lile nalo lilikuwa la hisani: mapato yaligawiwa hospitali mbili na mfuko wa wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakaachiwa huru.

Wakirudi, nitalipa kiingilio tena bila kusita, hata kikipanda kidogo. Ninachowaomba ni kwamba nakala za sol-fa ziwafikie wenyeji mapema, wafanye nao mazoezi angalau siku tatu, na onyesho lianze saa iliyoandikwa kwenye tiketi, kwa sababu safari hii waliokaa Mbagala na Bunju waliondoka kabla ya sehemu ya mwisho wakiwahi usafiri.