Inkscape kwa kuchora aikoni: naipa nyota nne

Jamani nilianza na darasa flani hapa Dodoma mjini, silitaji jina, wiki nzima ya kwanza tunafundishwa kuwasha kompyuta na kubadili rangi ya maandishi, nikasema basi, nikarudi zangu Area C nikashusha Inkscape, programu ya kuchora kwenye kompyuta, ya bure tangu 2003 hakuna cha kukraki wala nini.

Kazi ya kwanza kishada cha zabibu kiwe aikoni ya folda (Mgogo mimi, ningechora nini kingine). Punje ni duara, gredienti (rangi inayofifia taratibu) ya zambarau, kinukta cheupe juu kama mwanga, unakopi unapanga. Jani ndo lilinitoa jasho, kalamu ya Bezier (ile ya kuchora mistari iliyopinda) ina wenyewe, nilijaza nodi (vinukta vya kushika mstari) 40 huko likawa kama limeliwa na panzi, kumbe nodi 6 au 7 zinatosha ukivuta vishikio vyake vya kupinda mstari taratibu.

Halafu vekta (mchoro wa mistari kama huu, si picha ya pikseli) ukiikuza haipasuki kweli, ila ukiishusha hadi pikseli 16 kwa 16 zabibu zote zinakuwa doa, hiyo saizi ichore upya, punje tatu na kikonyo tu. Nyota moja nimebana kwa sababu kilaptop changu cha ramu GB 4 kikiwekewa blaa (ukungu wa kulainisha kingo) nyingi kinahema balaa.