Uzoefu wangu Galaxidi: mji mtulivu wa pwani Ugiriki, bila kupanda feri

Kama unataka pwani ya Ugiriki isiyo na kelele za disko wala foleni za watu wa kupiga picha, nakushauri Galaxidi. Upo bara, kwenye ukingo wa kaskazini wa Ghuba ya Korintho, kwa hiyo huna haja ya kuwaza feri wala mawimbi. Nilikwenda na Mama, aliyekuwa amekuja Ujerumani kunitembelea kutoka Tanga, na tulichagua mwishoni mwa Septemba, joto limepungua lakini maji bado yanaogeleka. Viza yake ya Schengen ilitosha, Ugiriki imo humohumo.

Kutoka uwanja wa ndege wa Athens tulipanda basi la X93 hadi kituo cha Liosion, kisha basi la KTEL, yaani mabasi ya mikoani ya Ugiriki. Safari inachukua kama saa nne, na mabasi kwa siku ni machache, kwa hiyo angalia ratiba kabla hujakata tiketi ya ndege. Kaa upande wa kushoto. Baada ya Arachova barabara inapita ubavuni mwa mlima Parnassos, bonde lote liko chini yako, na ukishapita Delphi, penye magofu ya kale, unaanza kushuka kuelekea Itea kupitia mashamba ya mizeituni ya Amfissa, ambayo ni makubwa ajabu. Mama alikuwa amesinzia, nikamwamsha kwa ajili ya hapo tu.

Tulilala kwenye nyumba ya zamani ya nahodha iliyogeuzwa nyumba ya wageni. Kuta nene, madirisha ya mbao, dari imechorwa maua kwa mkono. Chai ya asubuhi ilikuwa mtindi mzito na asali, mayai, zeituni na mkate wa moto. Nina malalamiko mawili. Picha za mtandaoni zilionyesha chumba kinachotazama bahari, sisi tukapewa cha nyuma kinachotazama uchochoro. Nililalamika kwa adabu, tukahamishwa kesho yake. La pili ni ile kodi ya serikali ya mabadiliko ya tabianchi, inayotozwa kwa kila chumba kwa kila usiku. Ni halali na iko nchi nzima, ila haikuwa ndani ya bei niliyoiona wakati wa kuweka nafasi. Uliza mapema, na uwe na fedha taslimu kidogo.

Sasa bahari yenyewe. Usitegemee mchanga mweupe. Ni kokoto na miamba, na sehemu nyingi unaingia majini kwa ngazi ya chuma iliyofungwa kwenye zege. Vaa viatu vya mpira, maana kwenye mawe kuna wale viumbe weusi wenye miiba. Maji ni maangavu mno, unaona vidole vyako vya miguu ukiwa umezama hadi kifuani. Siku ya pili jioni tulikaa kwenye gati, Mama akatazama ukuta wa bandari kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, maji haya mbona hayatoki?" Na kweli, asubuhi yalikuwa palepale. Mediterania imezibwa karibu pande zote, kupwa na kujaa kwake ni kwa kiasi kidogo sana, tofauti na kwetu ambako bamvua linaweza kukuachia mashua nchi kavu. Kwa mwogeleaji ni raha tupu: saa yoyote ukitaka, bahari ipo.

Kilichonigusa zaidi ni jumba la makumbusho ya bahari. Huu mji mdogo, unaoumaliza kwa miguu kabla kahawa haijapoa, karne ya 19 ulikuwa na kundi kubwa la meli za matanga, na nyingi ziliundwa hapahapa ufukweni. Mwaka 1821, Wagiriki walipoinuka dhidi ya utawala wa Waturuki, majeshi ya Sultani yaliuchoma moto. Wenyeji wakarudi, wakajenga upya, wakatajirika kwa biashara ya masafa. Kilichowashinda ni meli za mvuke. Bandari nyingine zilihamia kwenye mvuke, Galaxidi wakabaki na matanga yao, na polepole kazi ikakauka. Ndiyo maana majumba ya manahodha yamesimama vilevile: fedha za kuyabomoa na kujenga maghorofa hazikuwepo. Ndani ya makumbusho kuna picha za meli zilizochorwa kwa rangi za maji, kila moja na jina lake na bendera zake, na sanamu za mbao zilizokuwa zikifungwa kwenye omo. Mimi nimekulia karibu na mafundi wa majahazi, na nilipoona misumari mirefu, patasi na vipande vya mbao nilisimama pale mpaka Mama akaja kunitafuta. Ukienda Galaxidi ukaliruka jumba hili, umeuona nusu mji.

Kutoka hapo pandeni hadi kanisa la Agios Nikolaos, mtakatifu wa mabaharia, mtazame ukuta wa mbao uliochongwa mbele ya madhabahu. Jioni zungukeni upande wa pili wa bandari, kwenye rasi ya Pera Panta, chini ya misonobari. Njia ni tambarare na mji wote unauona ng'ambo ya maji.

Chakula hakikutupa shida. Sisi Waislamu tulikula samaki na mboga tu, na hakuna aliyetuuliza kwa nini hatuagizi mvinyo. Samaki wazima huuzwa kwa kilo; mwambie mhudumu akupimie mbele yako kabla hajapelekwa jikoni. Pweza ndiye mfalme. Anaanikwa kwenye kamba juani, anachomwa kwenye mkaa, analetwa na limau na mafuta ya zeituni. Mama alitafuna taratibu, akasema, "Huyu amepigwa vizuri," na yeye si mtu wa kusifia pweza wa mwenzake. Kwa wawili tulilipa kati ya yuro 35 na 45, na mkate hutozwa hata kama hukuuomba. Huo ni utaratibu wa huko. Mchana, kuanzia kama saa tisa, mji unalala. Fanya manunuzi yako asubuhi.

Delphi iko umbali wa kilomita 35 hivi, twende-turudi ndani ya siku moja. Nenda mapema, kofia kichwani, maana njia inapanda tangu getini hadi uwanja wa michezo juu kabisa. Mama aliishia kwenye hekalu la Apollo, na kwa hapo tu aliridhika.

Vijana wanaotaka kukesha watachoka haraka Galaxidi, labda waende Jumatatu ile ya kuanza Kwaresima ya Kiorthodoksi, ambapo watu hurushiana unga wa rangi mitaani hadi nyumba za bandarini hufunikwa kwa plastiki. Kwa wanandoa, au mtu anayempeleka mzazi wake kupumzika, mimi naupa nyota tano kati ya tano. Omba chumba cha chini karibu na bandari ya Agora, kwa sababu vichochoro vya juu ni ngazi tupu, na usafiri katikati ya wiki: Jumamosi na Jumapili watu wa Athens huja, na bei za vyumba hupanda.