Masomo ya jioni ya mafinalisti, Katuba (Lubumbashi): uzoefu wangu

Nilimaliza darasa la sita la sekondari mwaka jana, seksheni ya biolojia-kemia. Mama anauza makala (mkaa) mbele ya nyumba, kwa ndoo. Minervali (ada) ya shule tulikuwa tunailipa vipande vipande, kwa hiyo mambo ya mwalimu wa kuja nyumbani tuliwaachia wengine. Niliposikia kuna wanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) wanaofundisha mafinalisti, yaani wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, jioni kwa faranga 10.000 kwa mwezi, na asiye nazo anakuja na boksi la chaki, nilifikiri ni mbinu ya kutuuzia fotokopi.

Siku ya kwanza hawakufundisha chochote. Walitupa swali moja tu la Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari) ya zamani, wakasema: "Msijibu. Elezeni kwa Kiswahili linauliza nini." Tulikuwa thelathini na kitu, waliopata ni wanne. Mimi nilikuwa nimeruka neno "sauf" (isipokuwa). Majibu yote yalikuwa sahihi isipokuwa moja, nami nikachagua la kwanza nililolitambua, nikifurahi kabisa! Kaka aliyenisahihisha alilizungushia duara kwa biki nyekundu, akaniambia: "Mdogo wangu, kemia unaijua. Kifaransa cha swali ndicho kinakula pointi zako." Miaka sita sikuwahi kuambiwa hivyo. Tangu siku ile, kabla ya kusoma swali, jicho langu linatafuta kwanza "sauf" na "ne... pas" (si).

Insha ya Kifaransa inafanywa mapema, kabla ya sesheni ya kawaida ya Exetat, na wengi huichukulia kama mchezo. Hapa tuliandika moja kila Jumamosi. Kurudishiwa ilichukua hata wiki mbili, lakini ilirudi imejaa wino.

Sasa lawama. Hesabu na fizikia zinameza muda wote. Dada mmoja mwenzetu wa seksheni ya pedagojia alikaa mwezi mzima anasikiliza mambo ya wengine, akaacha kuja, na sikumlaumu. Halafu mwezi wa Mei, wakati tunawahitaji zaidi, wawili kati ya walimu wetu walipotea kwa sababu nao walikuwa na mitihani yao chuoni. Hakuna aliyetuambia. Tulikaa mbele ya mlango uliofungwa jioni tatu, mbu wakitula.

Kilichonishangaza ni kwamba hawakutuacha baada ya Exetat. Nilipata asilimia 61. Diploma inatolewa kuanzia 50, lakini wenye diploma ni wengi na wengi wanaishia pale pale. Hawa walitupeleka Kasapa, kwenye kampasi ya UNILU, kwa miguu, wakatuonyesha foleni ya kuandikishwa iko wapi na ni makaratasi gani ya kutoa kopi mapema. Siku nyingine mmoja alisimama akasema saa nzima bila kuandika ubaoni hata mstari, sisi tuandike. Tulicheka, tukamwomba arudie. Akakataa. Nilipoingia oditoriamu mara ya kwanza nikaelewa kwa nini alikataa.

Ukiwa sayansi, nenda bila kuwaza sana. Ukiwa pedagojia au komersiale (biashara), uliza kwanza kama mwaka huu wana mtu wa option (seksheni) yako. Na beba kiti kutoka nyumbani: mabenchi ni sita tu, na ukifika saa kumi na moja umechelewa.